Kiuno Kikigoma Chuno

Osteopathia ni tiba ya mikono. Mtaalamu hupapasa, huchua, huvuta na kukunja viungo mpaka misuli ilegee na mwili usogee bila maumivu. Iliasisiwa na daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874, na shule ya kwanza ikafunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Uingereza iliitungia sheria mwaka 1993. Chuno, kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, haijaitungia hata jina. Anayeumwa kiuno huko ana njia mbili zilizo jirani na tiba hiyo: fiziotherapia ya hospitali, au mkandaji wa mtaani mwenye chupa ya mafuta ya nazi. Wengi huanza kwa mkandaji, maana kwake bei huzungumzika.

Kiuno hakigomi kwa jambo la heshima. Mtu hubeba magunia ya korosho msimu mzima bila tatizo, kisha siku moja anainama kuokota ndala na kubaki hapohapo. Mwingine amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anapiga chafya, basi. Ndiyo maana swali la kwanza la mtaalamu, "Ilianzaje?", hujibiwa kwa uongo. Wanaume wote hutaja gunia.

Maswali yanayofuata mgonjwa huyaona umbea: je, amepungua uzito, ana homa, alianguka karibuni, mkojo anauzuia vizuri, miguu inakufa ganzi? Majibu yake ndiyo hutenganisha kiuno cha kuchuliwa na kiuno cha kupigwa picha kwanza, kwa hiyo hapa gunia la kubuni halifai.

Kisha huambiwa avue shati, asimame, ainame mbele, ajipinde kushoto na kulia. Wakati huu ndipo asiyejiandaa hukumbuka kwamba bukta aliyoivaa ndiyo ile yenye tundu. Mtaalamu hatazami tundu, anatazama bega lipi limeshuka na pingili zipi hazisogei, lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kuliamini hilo.

Kitandani kazi huenda polepole kuliko inavyotarajiwa: kukandamiza, kunyoosha, kuzungusha nyonga. Pengine kiungo hulia "ko!" Mlio huo ni wa gesi iliyomo katika ute wa kiungo, hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na tiba isiyo na mlio inaweza kufaa vilevile. Habari hii haipendwi. Mgonjwa aliyetoka bila "ko" huhisi amepunjwa chenji. Kwa mkandaji wa mtaani kipimo ni mayowe: mteja asipolia, majirani huuliza kama bibi amezeeka.

Penye mfupa uliovunjika hapachuliwi kabisa. Banzi likifungwa kwa kukazwa mno huzuia damu, na mguu uliokuwa wa kupona unaweza kuoza. Aliyevunjika apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, mafuta ya nazi yabaki jikoni.

Baada ya tiba, mwili huweza kuuma siku moja au mbili kama wa aliyelima bila kuzoea. Ni kawaida. Mashauri ni machache: kutembea kidogo kidogo, kutolala kutwa, kutobeba kizito, kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Safari ya kurudi kwa bodaboda, yenye matuta na dereva mwenye haraka, haimo katika mashauri hayo.

Ugumu wenyewe huanza nyumbani. Tiba ilichukua nusu saa. Ndugu wana siku saba. Mama mkwe keshatandika godoro na amekataza mgonjwa asiinuke. Shemeji analeta dawa ya kuchua iliyomponya mtu wa Mikindani, ambaye hata hivyo aliumwa goti. Aliyeshauriwa atembee huonekana mkaidi, na aliyelala huonekana mvivu siku ya tatu, ndoo za maji zinaposubiri. Hapo hujisikia nafuu, hunyanyua mbili kwa mpigo, na kila kitu huanza upya.

Zoezi alilopewa na mtaalamu, la kulala chali na kuinua nyonga, hufanyiwa kwenye mkeka barazani, mbele ya watoto wa mtaa mzima wanaohesabu kwa sauti. Wengi huliacha siku ya pili.

Mguu ukiishiwa nguvu, ganzi ikishika katikati ya mapaja, au mkojo ukitoka bila ruhusa, hospitali ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Katika miadi ya pili mtaalamu huuliza kama mazoezi yalifanyika kila siku. Mgonjwa hujibu ndiyo bila kusita. Anaombwa aoneshe. Analala kifudifudi.