Sifa za Pampu ya Dizeli

Watu wa pwani hatuna choyo cha sifa. Tanga limesifiwa, nahodha kasifiwa, nguru kasifiwa akiwa baharini na akasifiwa tena akiwa ndani ya tui. Ila pampu ndogo ya mafuta, ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuipelekea injini iliyofungwa chini ya deki, haijapata hata ubeti mmoja. Yenyewe hupata matusi tu, tena ya nguoni. Dhuluma hiyo na ikome leo.

Tuanze na nasaba. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897, alitoweka usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa ndani ya meli Dresden, safarini kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Kaka mkubwa wa pampu yetu, yaani ile inayosukuma mafuta hadi kwenye nozeli kwa shinikizo kali, alianza kutengenezwa kwa wingi na Bosch mwaka 1927. Ukoo ambao babu yake kachukuliwa na bahari, nani atathubutu kuuita wa kubahatisha?

Sifa yake ya kwanza ni kujua wakati. Boti ikiwa gatini na fundi kasimama pembeni, pampu haina neno. Injini hunguruma mpaka majirani wachoke. Subirini mkate mkondo wa Pemba, kusi imekaza, abiria mmoja anatapika na mwenzake yuko katikati ya Yasini. Hapo sauti ya injini hushuka, ikapanda, ikashuka, kimya. Wasiojua husema ni hiana. Kumbe mawimbi yamekoroga tope na maji yaliyolala chini ya tangi tangu mwaka juzi, tope limeziba filta, na pampu masikini imebaki kunyonya kisichokuja. Lawama ni yake, dhambi ni ya mwenye tangi.

Sifa ya pili ni kuondoa matabaka. Mwenye boti aliyepanda na kanzu iliyopigwa pasi hulala kifudifudi ngamani, bega kwa bega na baharia wa mwisho, wote wananuka dizeli. Wahenga walikwisha sema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Ya tatu ni kufundisha subira. Pampu hii ina mkono mdogo wa kupiga kwa vidole. Unalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, unapiga, povu linatoka, unaendelea kupiga mpaka dizeli ije bila povu, ndipo unakaza. Lakini kuna siku mkono huwa mlegevu, unakwenda na kurudi bila kusukuma chochote. Mwenye pupa hutangaza kuwa pampu imekufa na kuanza kupiga hesabu ya mpya. Mwenye adabu huzungusha injini mzunguko mmoja, kwa kuwa nundu ya kemshafti ilikuwa imekishikilia kiwambo, yaani utando unaovuta mafuta ndani ya pampu, kikakosa nafasi ya kucheza. Akijaribu tena, mkono umepata uzito.

Ya nne ni kutunza siri. Bomba likilegea baada ya pampu, dizeli huvuja na kila mtu huona. Likilegea kabla ya pampu, na tangi liko chini yake, huenda lisidondoshe hata tone. Huvuta hewa kimyakimya, nawe unafuta jasho ukitafuta uvujaji usioonekana. Klipu moja iliyolegea au washa ya shaba iliyochoka inatosha kuwaweka baharini mpaka magharibi.

Na ukarimu je? Kiwambo kikitoboka, dizeli inaweza kupenya hadi kwenye oili. Unachomoa kijiti cha kupimia, unakuta oili imeongezeka, wala hukununua. Ipokee zawadi hiyo kwa pua: ikinuka dizeli, usiwashe injini, maana oili iliyozimuliwa hailindi beringi.

Basi ewe mwenye boti, kabla hujaitukana, fuata njia ya mafuta tangu yanakotoka. Fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta pumzi kwa mluzi na injini ikapona, tundu la hewa ndilo lililoziba. Mwaga maji yaliyo chini ya filta, badilisha filta, kaza klipu zote upande wa kuvutia. Mwisho kabisa ndipo uifungue pampu. Na kwenye sanduku la spana weka filta mbili na kiwambo cha akiba, kwa sababu katikati ya mkondo wa Pemba hakuna duka la spea.