Shikamoo Shangazi, Simu Imegoma Kuwaka

Barua za mapenzi zimepungua mezani kwa Shangazi. Wasomaji waliokuwa wakiwalilia wachumba sasa wanazililia simu, na kilio ni kilekile: nilimwamini, nikampa kila kitu, leo haniitikii. Ila mchumba hana namba ya modeli. Basi wiki hii Shangazi ameweka pembeni jalada la ndoa, amevaa miwani, na anawajibu wanaojifunza kuruti simu na kuzibadilishia mfumo.

Wa kwanza anajiita Mwenye Kiu, wa Tandika. Simu yake ya Android imekuwa nzito, jirani kamwambia dawa ni kuiruti, naye anauliza kama kweli itakimbia.

“Marahaba, mwanangu. Haitakimbia.” Kuruti hakuongezi RAM hata chembe. Android imejengwa juu ya Linux, na ndani ya Linux yumo mtumiaji mwenye mamlaka yote, aitwaye root. Anayenunua simu dukani hakabidhiwi mamlaka hayo. Kuruti ni kuyachukua. Akishayapata anaweza kuzuia matangazo kwenye simu nzima, kunakili data za programu zake zote, na kung’oa zile programu zilizokuja na simu bila kualikwa. Kama shida ya Mwenye Kiu ni hizo za mwisho tu, hana haja ya kwenda mbali. Achomeke simu kwenye kompyuta, afungue zana ya ADB, atumie amri ya pm uninstall yenye --user 0. Programu itaondoka kwenye akaunti yake bila kuruti, na akijuta ataweza kuirudisha. Asome tu jina la kifurushi kabla ya kubonyeza, maana wapo waliofuta kibodi wakabaki kuitazama simu.

Mamlaka ya root yaliwahi kugawiwa bure, tena kwa bahati mbaya. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba kila kilichoandikwa kwenye kibodi yake kilikuwa pia kikipokewa kimyakimya kama amri ya root. Jamaa mmoja aliulizwa na mpenzi wake mbona kimya. Kwa kuwa alikuwa ametoka kuizima na kuiwasha simu, akajibu kwa neno moja, reboot. Simu ikajizima na kujiwasha tena mkononi mwake. Google iliziba tundu hilo haraka, lakini wadadisi walikuwa wameshaingia.

Barua ndefu kuliko zote imetoka Mombasa, na mwandishi amesaini Nimekoma. Ana Redmi Note 8 Pro. Alipakua romu, yaani mfumo mzima wa simu, ya Redmi Note 8, kwa hoja kwamba hiyo Pro ni mbwembwe za biashara. Rikaveri yake ya TWRP, sehemu ya kuwekea mifumo, ikakataa, ikamwonyesha hitilafu namba 7. Akaingia YouTube, akafundishwa kufungua faili la zip, kutafuta hati iitwayo updater-script na kufuta mistari ya mwanzo. Akafuta. Romu ikaingia bila kelele. Tangu hapo simu inawaka, inaishia kwenye logo, inajizima, inawaka tena.

Shangazi amevua miwani, akaifuta, akaivaa upya. Mistari ile ilikuwa inauliza swali moja tu: hii ni simu gani? Redmi Note 8 kwa mafundi huitwa ginkgo na inaendeshwa na chipu ya Snapdragon 665 ya Qualcomm. Redmi Note 8 Pro huitwa begonia na ndani yake mna Helio G90T ya MediaTek. Majina ya dukani yanafanana kama mapacha, ndani hawajuani. Kiini cha mfumo kilichoandikwa kwa chipu moja hakiwezi kuamsha nyingine. Hitilafu namba 7 ndiye mlinzi pekee aliyekuwa macho usiku ule, na Nimekoma akamfukuza kazi.

Asilie lakini. Kwa kawaida romu za aina hiyo huandika juu ya boot, system na vendor, na haziigusi butiloda, sehemu inayoiamsha simu, wala rikaveri yenyewe. Abonyeze kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti. TWRP ikitokea, aweke romu ya begonia. Akiwa na shaka, aingie fastboot na kuandika fastboot getvar product, simu itajitaja jina yenyewe. Na akiamua kurudi kwenye MIUI, mfumo wa Xiaomi wenyewe, kwa programu ya Mi Flash, atazame chini kabisa ya dirisha. Kuna machaguo matatu, na matoleo mengi huja yamechagua tayari lile la kusafisha vyote na kuifunga butiloda. Simu iliyotengenezwa kwa soko la China ikiwekewa MIUI ya kimataifa kisha ikafungwa, itaandika kwamba toleo hilo haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hiki. Hapo ndipo Nimekoma angekoma kweli.

Sina Subira wa Kisumu amekasirika: ameomba kufungua butiloda ya Xiaomi na ameambiwa asubiri saa 168. Ni siku saba. Azitumie kuhamisha picha na namba za watu, kwa kuwa butiloda ikifunguliwa simu inafutwa yote, na hilo halina rufaa.

Msomaji wa Dodoma, Mtandao Umenikimbia, yuko pabaya zaidi. Infinix yake ilikwama, akatumia SP Flash Tool na kuchagua kufuta kila kitu kabla ya kupakia mfumo mpya. Simu imepona, inapiga picha, inacheza muziki, lakini haishiki mtandao. Akibonyeza *#06# haoni IMEI. Kwenye simu nyingi za MediaTek, IMEI na vipimo vya redio hukaa kwenye eneo liitwalo nvram, na yeye amelifuta pamoja na takataka. Ndiyo maana wazoefu hunakili eneo hilo kabla ya jambo lolote. Sasa fundi mmoja amemwahidi kumpachikia IMEI ya simu nyingine iliyokufa, kwa bei nzuri.

Akatae. Tanzania ina Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kuchezea IMEI ni kosa. Isitoshe, TCRA ilishaonyesha haina utani na namba hizo pale ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Namba yake halali imeandikwa kwenye boksi la simu. Aende nayo, pamoja na risiti, kwenye kituo cha huduma cha kampuni.

Wa Arusha aliruti Samsung, akajuta, akarudisha mfumo wa kiwandani, lakini Secure Folder bado inamkataa. Ndivyo ilivyo. Tangu 2013 Samsung imekuwa ikiweka ndani ya chipu fyuzi ndogo ya Knox. Mfumo usio rasmi ukiingia, fyuzi inaungua, 0x0 inakuwa 0x1, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Luthuli anayeirudisha. Programu yake ya benki nayo imemfungia mlango, kwa kuwa nyingi huuliza Google kupitia Play Integrity kama simu imechezewa. Wapo wanaoificha root. John Wu, aliyeanzisha zana ya kuruti ya Magisk mwaka 2016, aliwapa kificho kizuri, kisha mwaka 2021 akaajiriwa na Google na kutangaza anaachana nacho. Wengine wameendeleza mbio hizo, leo kinafanya kazi, kesho hakifanyi. Kwa kutuma pesa, msomaji bado anayo *150*00# ya M-Pesa, isiyojali root wala fyuzi.

Wa mwisho, Nimefaulu wa Tanga, ameweka romu ya LineageOS vizuri kabisa, ila haoni Play Store. Haijapotea, haikuwemo. Mwaka 2009 Google ilimwandikia Steve Kondik, mwanzilishi wa romu ya CyanogenMod, aache kusambaza programu zake ndani ya romu, na LineageOS, iliyozaliwa CyanogenMod ilipofungwa mwishoni mwa 2016, ikarithi desturi hiyo. Arudi rikaveri, afute data, aweke romu, kisha kifurushi cha programu za Google kinacholingana na toleo lake la Android, vyote kabla simu haijawaka mara ya kwanza.

Chini ya barua, kwa wino mwingine, Nimefaulu ameuliza kama sasa afanye na simu ya mama mkwe. Ya mama mkwe aiache.