Mzabibu Dume na Balaa la Mwezi wa Mei

Mwaka 1943, karibu na mji mdogo wa Osceola katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aitwaye Elmer Swenson alianza kuozesha mizabibu. Alichukua chavua ya huu akaipeleka kwa ule, akitafuta mtoto atakayezaa zabibu tamu na bado awe hai theluji ikiyeyuka. Kazi hiyo hakuiacha tena. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 91, na katika miaka yake ya ufugaji ng'ombe walitaka kukamuliwa asubuhi na jioni kama kawaida, wala hawakujali kama mizabibu imechanua.

Babu yake alikuwa amepanda mizabibu kabla yake, kwa hiyo ugonjwa huo ulikuwa wa ukoo. Kilichouchochea zaidi ni kitabu cha mwaka 1909 kilichoandikwa na T. V. Munson, bingwa wa mizabibu ya Marekani. Munson hakuwa mtu wa kubahatisha: mwaka 1888 Ufaransa ilimpa nishani kwa msaada wake wakati mdudu filoksera alipokuwa akimaliza mizizi ya mashamba ya nchi hiyo. Lakini Munson aliishi Denison, Texas, mahali ambapo mkulima hulia na joto. Kusoma kitabu cha mtu wa Texas ukiwa Wisconsin, nje theluji imefika magotini, kisha ukaamua kwamba ushauri huo unakuhusu, kunataka moyo.

Mkulima wa Dodoma huenda asielewe shida iko wapi. Kwake mzabibu hupogolewa, huchipua, huzaa, na ndani ya mwaka mmoja huvunwa mara mbili. Kule Wisconsin na jirani yake Minnesota, mzabibu una miezi michache tu ya kufanya kila kitu, halafu unakaa kimya ukisubiri kuuawa. Tarehe 2 Februari 1996, kituo cha Tower huko Minnesota kilipima nyuzi 51 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Wakenya wengi waliohamia jimbo hilo wanaweza kuieleza baridi ya aina hiyo kwa maneno ambayo hayachapishiki.

Kikwazo chenyewe ni hiki. Mizabibu ya Ulaya, ile yenye zabibu zinazosifiwa duniani kote, huanza kupata hasara kubwa baridi ikifika nyuzi 20 hadi 25 chini ya sifuri. Mzabibu mwitu wa kandokando ya mito ya Marekani Kaskazini, Vitis riparia, huvumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini zabibu zake ni ndogo, zimejaa mbegu, na zina uchachu wa kumfanya mtu afumbe jicho moja. Kazi ya mpenzi wa mizabibu ya baridi ni kuwafungisha ndoa hawa wawili na kuomba watoto warithi sukari ya Ulaya na ngozi ngumu ya mwituni. Mara nyingi watoto hurithi uchachu wa mwituni na udhaifu wa Ulaya.

Wapo waliokataa mambo ya ndoa wakaamua kumlazimisha Mzungu aishi hivyo hivyo. Mwaka 1973 mwanasheria David Bailly alipanda mizabibu ya Kifaransa karibu na Hastings, Minnesota, na kila mwaka kabla ya baridi kuanza mizabibu hiyo ikateremshwa kwenye nyaya zake, ikalazwa chini na kufukiwa. Ndiyo, ikafukiwa. Majira ya kuchipua yakifika, ikafukuliwa. Kampuni yake ya mvinyo ilijitangaza kwa kaulimbiu isiyoficha kitu: hapa ndipo mahali zabibu zinapoweza kuteseka. Hakuandika lolote kuhusu mateso ya wafukiaji.

Kwa anayetaka kujaribu jambo hilo nyumbani, mambo hayaendi kama kwenye vitabu. Shina la mwaka wa pili hukunjika vizuri. Shina lililonenepa huvunjika kwa mlio unaosikika hadi jikoni. Ukifunika kwa majani makavu badala ya udongo, panya wa shambani huona umewajengea hoteli, na mwezi wa Aprili unakuta wamekula gamba la shina kulizunguka lote. Ukichelewa kufukua, macho yanakuwa yameshaanza kuchipua gizani, meupe na laini, na hukatika kwa kuguswa na kidole tu. Mtu amepambana na baridi miezi mitano, halafu anaangamiza mavuno kwa kiganja chake akijaribu kuyaokoa.

Njia ya ndoa ndiyo aliyoishika Swenson, nayo ina vituko vyake.

Ua la mzabibu ni dogo kiasi kwamba mtu mwenye umri wa kupata wajukuu hawezi kulishughulikia bila miwani. Halina petali za kufunguka. Lina kikofia cha kijani kinachodondoka chenyewe wakati wa kuchanua. Mzalishaji hana budi kukiwahi. Anashika kibano, ananyofoa kikofia, anaondoa vifuko vya chavua vyote kabla havijapasuka, anahamia ua linalofuata, na kishada kimoja kina maua mamia. Ukibonyeza zaidi unakata na sehemu ya kike, na ua hilo limekwisha. Akimaliza anakifunika kishada kwa mfuko wa karatasi, na siku moja mbili baadaye anarudi na chavua ya baba aliyemchagua. Haya yote hutokea mwezi wa Juni, wakati mbu wa kaskazini wako kwenye ubora wao, na mikono yote miwili ina kazi.

Zabibu zikiiva anatoa mbegu, anaziosha, anaziweka kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko unaingia kwenye friji. Humo lazima zikae miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu ya mzabibu haioti vizuri mpaka idanganywe kwamba imepitia majira ya baridi. Matatizo ya friji yanajulikana na kila familia. Mfuko usio na jina, wenye karatasi mbichi na vitu vyeusi ndani yake, uliokaa nyuma ya siagi tangu Oktoba, hauna mtetezi siku ya usafi. Ndoa ya kihistoria kati ya Ulaya na msitu wa Minnesota inaishia kwenye pipa la taka, na mwenye nyumba anasema kwa nia njema kabisa kwamba kulikuwa na maharage yaliyooza.

Zikisalimika zinaota, na hapo ndipo subira halisi inapoanza. Mche wa mbegu huchukua miaka mitatu hivi, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuchanua. Aliyewahi kupanda mpapai, akaumwagilia, akauwekea samadi, kisha akagundua ni dume, ana picha kamili ya kinachofuata. Mizabibu mwitu nayo ina dume na jike, kila mmoja na shina lake, na ukitumia chavua ya dume la mwituni tegemea karibu nusu ya watoto wawe madume. Hawazai zabibu hata moja. Kwa macho huwezi kuwatambua mpaka wachanue. Waswahili husema subira huvuta heri, ila hawakutaja jinsia ya heri yenyewe.

Hata majike wana maneno. St. Pepin, mmoja wa watoto maarufu wa Swenson, ni jike mtupu. Hazai bila kuwa na jirani anayechanua siku zile zile. Mtu ananunua mche mmoja, anaupanda peke yake mbele ya nyumba kwa sababu nafasi ni ndogo, na baada ya miaka anaandika barua za malalamiko. Mche hauna kosa. Unataka mwenzake tu.

Wazalishaji wana mazoea ya kuwapa mizabibu majina ya wake zao, na hapa busara haikugawanywa sawa. Louis Suelter wa Carver, Minnesota, katika miaka ya 1880 alioanisha mzabibu mwitu na Concord, zabibu maarufu ya Marekani, akapata mmea usiojua kufa, akauita Beta, jina la mkewe. Beta ni mzabibu wa ajabu kwa uvumilivu, na zabibu zake ni chachu. Watu huzipikia jeli, kwa sukari nyingi. Alichosema Bi. Beta hakikuhifadhiwa. Swenson naye aliuita mmoja wa mizabibu yake Louise Swenson, jina la mkewe, lakini alichagua ule ambao mvinyo wake ni mwepesi na hunukia maua na asali, na ambao huvumilia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kati ya mabwana hawa wawili, ni rahisi kukisia ni yupi aliyekula chakula cha jioni kwa amani.

Tuseme basi mche si dume, haukugandishwa, haukugugunwa na panya, na zabibu zinaanza kubadilika rangi. Ndege wanajua siku hiyo kabla yako. Concord ina kemikali iitwayo methili anthranileti, ambayo ndiyo inayotoa ile harufu ya peremende za zabibu. Kemikali hiyo hiyo hutengenezwa viwandani na kuuzwa kama dawa ya kufukuza ndege mashambani. Ndege hawajaarifiwa. Kiasi kilichomo ndani ya zabibu yenyewe ni kidogo mno kuwasumbua, na wanakula kana kwamba wamealikwa. Mkulima ananunua wavu, anaupandisha juu ya nyaya akiwa kwenye ngazi, na anayenaswa wa kwanza ni yeye mwenyewe, kwa vifungo vya shati. Usiku huja rakuni, mnyama mwenye vidole vya fundi saa, anayeinua ukingo wa wavu kwa utaratibu na kuchagua vishada vilivyoiva tu. Nyigu humalizia.

Halafu kuna jirani anayependa nyasi zake. Dawa ya kuua magugu ya majani mapana, 2,4-D, ni sumu kali mno kwa mzabibu hata ikiwa ni ukungu mwembamba uliopeperushwa na upepo kutoka uwanja wa pili. Majani hujikunja, mishipa yake husongamana, yakawa kama vipepeo vya mkono. Mwenye mizabibu anatambua mara moja kilichotokea na nani amefanya, na bado inambidi amsalimie kesho yake kwa tabasamu, kwa kuwa jirani huyo ndiye mwenye mashine ya kuondolea theluji.

Lakini katika misiba yote hii, wa Mei ndio unaouma kuliko wote. Mwisho wa baridi mkulima hukata macho kwa wembe kukagua uhai: kila jicho lina machipukizi matatu ndani yake, la kati likiwa ndilo linalobeba mavuno, na ukilipasua unaona kijani au kahawia. Kijani ni uzima. Anakagua kumi, ishirini, yote kijani. Nyuzi 33 chini ya sifuri zimepita bila hasara, na anatembea kijijini kifua mbele. Marquette, mzabibu uliotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2006 na ambao ni mjukuu wa Pinot Noir wa Ufaransa, una sifa hiyo ya kuvumilia. Una pia tabia ya kuamka mapema. Jua la Aprili likichomoza kidogo unachipua, na usiku mmoja wa Mei nyuzi 2 tu chini ya sifuri, baridi ambayo mtu wa Minnesota hutembea ndani yake bila koti, huchoma machipukizi yote yakawa meusi. Mmea ulioshinda Januari unauawa na Mei. Mtaalamu atakueleza kwamba machipukizi ya pili yatatoka na kuleta zabibu kidogo. Usimsikilize siku hiyo. Msikilize baada ya wiki.

Swenson alikuwa na bahati moja ambayo wengi hawakuipata. Ephraim Bull, aliyetoa Concord huko Massachusetts mwaka 1849, alianza kuuza miche kwa dola 5 mmoja, wenye vitalu wakainunua, wakaizalisha wenyewe, na yeye akafa maskini mwaka 1895. Kaburi lake linasema alipanda, wengine wakavuna. Swenson aligawa vipandikizi mwenyewe, kwa yeyote aliyeomba, hivyo hapakuwa na cha kumuibia. Siku moja alipeleka zabibu zake kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Minnesota, wataalamu wakaonja, na kilichofuata ni kuajiriwa: kuanzia mwaka 1969 alifanya kazi katika mashamba ya chuo kwa takriban miaka kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chuo kilitoa rasmi Edelweiss na Swenson Red, zabibu za mfugaji wa Osceola. Wasomi kuonja zabibu za mtu wa ng'ombe na kukiri ni bora ni jambo linalostahili kuwekwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa halitokei kila mwaka.

Anayefikiria kuanza afanye hesabu ya umri kwanza. Ndoa iliyozaa Marquette ilifungwa mwaka 1989, na mche ukafika sokoni mwaka 2006, miaka 17 baadaye, tena chuoni, penye mishahara na matrekta. Kijana wa miaka 25 anaweza kuanza na mbegu. Mwenye miaka 60 anunue mche wa mzabibu wa baridi kama Frontenac uliokwisha kuota, aupande baada ya baridi ya Mei kupita, aandae wavu mapema, na akishindwa kujizuia akaweka mbegu kwenye friji, aandike jina kwenye mfuko kwa herufi kubwa.