O au A: barua kutoka Newcastle

Shangazi, kaka na binamu zangu wote wa Tandika,

Dhumuni la barua hii ni kuwapa habari za vita inayopiganwa kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa sababu ya herufi moja.

Kuna wazee wawili ambao viti vyao vimepakana sebuleni. Mmoja alichimba makaa ya mawe huku kwenye mto Tyne. Mwenzake alichomelea vyuma vya meli Sunderland, kwenye mto Wear, kama kilomita 20 kutoka hapa. Ni Simba na Yanga, ila hawa wanakunywa dawa saa ileile. Siku ya mechi wakanikabidhi kalamu nene na karatasi ya manila niwaandikie bango la kushangilia, lile neno lao la “haya, twendeni!” Nikaandika H, kimya. Nikaandika O. Mzee wa meli akaweka kikombe chini.

Kumbe Newcastle wanaandika “howay”, Sunderland “haway”, na wengine wanatia alama juu katikati, “ha'way”. Treni ya Metro ilifika Sunderland mwaka 2002, na ukiipanda kutoka hapa, mahali fulani baada ya kituo cha Pelaw O inageuka A bila kondakta kukutangazia. Asili ya neno wote wawili wanaapa ni “haul away”, yaani vuta. Wanachogombania ni nani alikuwa anavuta: wa mgodini au wa melini? Meneja akapita, akasoma HO, akaniambia nimalizie “hooray” yaishe. Hapo ndipo wazee walipopatana. Neno la watu wa London halibandikwi ukutani kwao.

Hata majina yao wenyewe yana kesi. Mtu wa Newcastle ni Geordie. Wengine wanasema jina limetokana na taa ya mgodini ya George Stephenson ya 1815, iliyotengenezwa isilipue gesi. Wengine wanasema ni kwa ajili ya Mfalme George wa Pili, ambaye mji huu ulisimama naye kwenye uasi wa 1745. Mimi niko upande wa taa. Mfalme hakumtoa mtu shimoni akiwa hai. Wa Sunderland ni “mackem”, inasemekana kwa sababu wao waliziunda meli na wenzao wakazichukua. Mwandishi mmoja atakuandikia kwa ck, mwingine kwa k tupu.

Choo huku kinaitwa “netty”. Nimeshahubiriwa sana kwamba neno hilo liliachwa na askari wa Kirumi waliolinda ukuta wa Hadrian, maana Waitaliano wanasema “gabinetto”. Hadithi tamu, tatizo ni kwamba Waitaliano walilitoa neno hilo kwa Wafaransa, karne nyingi baada ya Warumi kufunga virago. Sikumbishia mtu. Mwenye choo chenye ukoo wa Kaisari mwache ajidai nacho.

Shangazi, usicheke. Sisi wenyewe hatujakubaliana kama daladala ni neno moja au mawili, na kila mzee kituoni ana hadithi yake ya ile shilingi tano iliyoitwa dala.

Juzi mwenzangu wa zamu alitaka kumwandikia mkewe kwamba anarudi nyumbani. Nyumbani hapa ni “hyem”, Mnorwei akilisikia anaelewa moja kwa moja. Tatizo simu si ya Norwei wala ya hapa. Ikamsahihisha, ikapeleka “hymn”. Mke akajibu: kanisani leo, Jumanne? Akarudia kwa “hyam”, simu ikageuza tena, ikaandika ham. Basi mke akaelewa kwamba mume anaenda kununua nyama ya nguruwe, akamwagiza na maziwa.

Kaka, kuhusu jezi uliyoniagiza “ya hukohuko”: iko ya mistari myeusi na myeupe, na iko ya mistari myekundu na myeupe. Andika wazi unataka ipi, na hela uitume kabla. Hiyo nyekundu nitaifuata Sunderland, na kwenye Metro ya kurudi nitaivaa ndani ya koti, zipu hadi kidevuni.