Beba Mtoto, Ficha Kopo

Mei 3, 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, Dave Ulmer aliacha ndoo msituni Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo na kuwaambia watu wakaitafute. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashingi: unaficha kopo lenye daftari, mwenzako analifuata kwa simu, anaandika jina, analirudisha pale pale. Ukiwa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, na una mtoto wa miezi saba, mchezo huu unakufaa. Mfunge mbeleko, twende.

Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anayeinama chini ya mwembe wa watu akichomeka chombo kilichofungwa ataitwa mchawi kabla hajainuka. Wewe mwenye mtoto una nafuu kubwa: wapita njia watasimama kumsalimia mjukuu wao, watauliza anaitwa nani, huenda wakampa na embe. Waeleze unachofanya. Majirani wakijua kopo ni la nani, watalilinda.

Sheria za mchezo zinakataza kufukia kopo bila ruhusa ya mwenye ardhi, kuweka chakula ndani yake, au kuliweka chini ya mita 161 kutoka kopo jingine. Nachingwea ningechagua jirani na njia ya reli ya zamani, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Andika habari hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, mgeni aondoke na kitu. Kambi za jeshi zipitie mbali, hata kama historia ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji waliofunzwa Nachingwea, inakuvuta. Ruangwa, usisogelee Uwanja wa Majaliwa siku timu ya Namungo inapocheza.

Mikorosho ndiyo inayotaka akili. Msimu wa kupuliza dawa, mashine huanza kunguruma alfajiri, na vumbi la njano la salfa huelea chini ya matawi. Kifua cha mtoto hakiliwezi. Korosho zikianza kuanguka, anayeokotaokota shambani kwa mtu na mfuko begani ataitwa mwizi, au mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo. Tena ganda bichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni.

Kwa hiyo ukitaka kuacha zawadi ndani ya kopo, usiweke shanga, vifungo wala sarafu. Kipande cha kitenge kinatosha. Chagua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, maana mchwa wa huku hawabagui daftari. Lifunge kwenye tawi, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama. Pango la mti na kichuguu waachie nyoka, na aliyebeba mtoto asilazimike kuinama.

Toka saa moja asubuhi, saa tatu uwe umerudi kivulini. Mtoto akilia bila kunyamaza, geuza njia hata kama simu inasema zimebaki mita kumi. Kopo halina miguu.

Kama unahama mwezi ujao, tafadhali usifiche chochote, kwa sababu kopo lisilo na mwenyewe huishia kuwa taka. Kama unakaa, masika yakikatika nenda ukalikague na ubadilishe daftari lililolowa.