Nyangumi Wawili na Senti za Dagaa

Steemit ni mtandao wa kijamii ulioanzishwa Marekani mwaka 2016. Huwalipa wanaoandika na wanaopiga kura kwa sarafu ya kidijitali iitwayo Steem, na uzito wa kura hufuata akiba ya mpigaji. Kura ya kupinga, iitwayo bendera, hupunguza malipo. Watumiaji wake walijipachika wenyewe majina ya baharini: mwenye akiba ndogo ni dagaa, wa kati ni pomboo, tajiri ni nyangumi. Mazungumzo haya ni ya tarehe 2 Machi 2020.

DAGAA: Shikamoo, Mzee Nyangumi Mweusi.

NYANGUMI MWEUSI: Marahaba. Nani huyo? Paza sauti, akiba yako haisikiki.

DAGAA: Ni mimi, Dagaa. Niliandika makala kuhusu namna ya kukwepa nyavu. Jana ilionyesha malipo ya dola 40, leo inaonyesha sufuri. Nimekosa nini, mzee?

NYANGUMI MWEUSI: Hujakosa kitu, mwanangu. Makala nzuri sana, sikuisoma. Nimeipiga bendera kwa sababu Nyangumi Mweupe aliipigia kura.

NYANGUMI MWEUPE: Nami niliipigia kura kwa sababu nilijua itamuudhi.

DAGAA: Kwa hiyo hakuna aliyeisoma?

NYANGUMI MWEUPE: Kusoma tena? Kura zangu hupigwa na roboti, mimi nikiwa nimelala.

NYANGUMI MWEUSI: Umesikia? Ndiyo maana nalinda mfuko. Sarafu mpya huzalishwa kila siku, nyingi huingia mfuko mmoja, na kura ndizo zinazougawa. Huyu bwana hujipigia kura mwenyewe kutwa kucha, kwa picha ya chai yake! Nikimpiga bendera, pesa zinarudi mfukoni kwa faida ya wote.

DAGAA: Wote tunagawana sawa?

NYANGUMI MWEUSI: Kila mmoja kwa kadiri ya kura alizopata.

POMBOO: Maana yake nyingi zinaishia kwake.

NYANGUMI MWEUPE: Mwulize pia amewakopesha nani nguvu zake za kura. Ameikopesha roboti inayouza kura. Mwenye sarafu analipa, anapandishwa ukurasa wa mbele, hata kama ameandika jina lake tu.

DAGAA: Mimi niliwahi kumpiga bendera Mzee Mweusi, mara moja.

NYANGUMI MWEUSI: Wewe? Ilinipunguzia kiasi gani?

DAGAA: Haikufika senti. Lakini ulinirudishia. Alama yangu ya heshima ilianzia 25 kama ya kila mgeni, ikashuka chini ya sufuri, na maandishi yangu yakafichwa. Yako haikutikisika, maana kanuni hairuhusu mwenye alama ndogo kumshusha mwenye kubwa.

POMBOO: Nakuonea huruma. Si ndiyo maana Agosti mwaka jana walibadilisha kanuni, kila mtu akapewa bendera kadhaa za bure? Walisema wanaofyonza mfuko wataogopa.

NYANGUMI MWEUSI: Mabadiliko mazuri mno! Zamani nikimpiga adui nilipoteza nguvu ambazo zingeniletea faida kwingine. Siku hizi nampiga bila gharama.

DAGAA: Mimi pia nina za bure.

NYANGUMI MWEUPE: Zitunze. Na wewe Pomboo, mbona unahema?

POMBOO: Nina habari, wazee. Mashahidi 20 wa juu, wale wanaochaguliwa kwa kura zetu kuendesha mnyororo wa data (blockchain) na kuidhinisha kanuni, leo wameng'olewa wote.

NYANGUMI MWEUSI: Haiwezekani! Niliwaweka mwenyewe!

POMBOO: Kawang'oa Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa sarafu uitwao Tron, aliyeinunua kampuni ya Steemit mwezi uliopita. Mashahidi wenu waliifungia akiba ya kampuni isipige kura. Sasa amesaidiwa na masoko ya sarafu, Binance, Huobi na Poloniex. Sarafu ambazo wateja waliyaachia yawatunzie ndizo zilizopiga kura.

NYANGUMI MWEUPE: Mali za watu, bila kuwauliza? Ndugu yangu Mweusi, umesikia?

NYANGUMI MWEUSI: Nimesikia, ndugu yangu. Huu ni udhalimu! Mmoja aamue mambo ya bahari nzima, eti kwa sababu tu ana sarafu nyingi!

DAGAA: Mzee, naomba uyarudie maneno hayo.

NYANGUMI MWEUSI: Ya nini?

DAGAA: Ndiyo niliyokuja nayo asubuhi, nikakosa akiba ya kuyapaza.

NYANGUMI MWEUSI: Usilinganishe! Yeye ametumia akiba za wengine. Yangu ni jasho langu.

POMBOO: Jasho la kompyuta, mzee. Mlichimba sarafu mwanzoni mwa 2016, wengi wetu tukiwa hatujajua hata mgodi uko wapi.

NYANGUMI MWEUPE: Tuyaache hayo. Tutahama, tujenge bahari mpya, huru, isiyo na mwenyewe.

DAGAA: Na huko kura zitapimwa kwa kitu gani?

NYANGUMI MWEUPE: Kwa akiba. Ulitaka zipimwe kwa nini?

DAGAA: Na bendera?

NYANGUMI MWEUSI: Tunahama nazo.

Bahari hiyo ilizinduliwa tarehe 20 Machi 2020, ikaitwa Hive. Watumiaji walinakiliwa akiba zao, isipokuwa kampuni ya Steemit na baadhi ya waliokuwa upande wa Sun. Binance na Huobi walikuwa tayari wameondoa kura zao. Mwezi Mei, Steem iliyobaki ikapitisha kanuni ya kutwaa sarafu zaidi ya milioni 23 kutoka akaunti 64. Kila upande ulisema unailinda jamii.

Nawe msomaji, ukialikwa kwenye mtandao unaolipa, usianze kwa kuuliza makala moja inalipa shilingi ngapi. Uliza kura ya nani ndiyo inayolipa, na nani anaweza kuifuta.