Heshima kwa Mashine Iliyogoma

Mashine ya kahawa iliyo nzima haina hadithi. Unabonyeza, inanguruma, unakunywa, unaisahau. Iliyoharibika ndiyo inayostahili sifa, na hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, tunazo za kutosha: zimekaa juu ya kabati la sebuleni, kando ya televisheni na maua ya plastiki, zimevikwa kitambaa cha kufuma.

Isidharauliwe, maana imetoka mbali. Imeundwa China, ikapanda meli hadi Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda ndani ya lori, ikalipiwa ushuru mpakani Kasindi, ikapita Beni, kisha ikarushwarushwa kwenye zile kilomita 54 za mwisho hadi Butembo. Njiani ilipishana na kahawa yenyewe, arabika ya miteremko ya Ruwenzori na milima ya Lubero, robusta ya mabonde ya Beni, ikielekea mpaka uleule, nyingine na karatasi zake, nyingine usiku. Kwa miaka mingi magunia yetu yamevuka na kuhesabiwa kuwa mavuno ya Uganda. Mashine iliyoyaona hayo, ikifika mezani ikakataa kutoa hata tone, mimi nasema ina msimamo kuliko wengi wetu.

Migomo si migeni kwetu. Siku ya ville morte maduka hufungwa, pikipiki huegeshwa, watu wakangoja wakubwa wasikie. Mashine hufanya ya kwake bila tangazo, hasa Jumapili, wageni wakishaketi na sukari ikishafunuliwa.

Halafu inafundisha, tena bure. Plagi yake ina meno matatu bapa, ukuta wetu una matundu mawili ya mviringo. Somo la kwanza hilo. Yenyewe inakula wati 1,100, jenereta ndogo ya uani inatoa 950. Hesabu iliyomshinda mtoto muhula mzima darasani inamwingia mara moja, nyumba nzima ikiwa gizani. Baba naye anajifunza kwamba maji huacha chokaa ndani ya mirija, na kwamba ndimu, aliyoidhani ya samaki tu, huiyeyusha.

Fundi akiitwa, anaweka sikio kwenye ubavu wake kama daktari. Pampu inavuma, maji hayaji. “Papa, pompi iko na ngufu,” anasema, “ni hewa iko inaizuia.” Anajaza tangi hadi ukingoni, anafungua bomba la mvuke, mashine inakohoa, inatema povu, inakohoa tena, kisha maji yanatoka kwa hasira na kumlowesha kila aliyeinama kutazama. Mpira wa kuzuia maji nao umekauka. Anakata mwingine kutoka tyubu ya pikipiki. Kikombe cha kwanza kinanuka gereji. Wageni wanakisifu hata hivyo, kwani adabu haijaharibika.

Lakini wema wake mkubwa ni unyenyekevu. Butembo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au karibu na hapo. Wanywaji wa kahawa ulimwenguni hutafuta joto la kati ya 90 na 96, na mashine hii iliwekewa thermostati ili ilipate. Sufuria ya mama mwenye nyumba inalipata kwa makaa tu, kwa sababu ya mlima. Mashine inalijua hilo. Inagoma tena, inakaa kimya juu ya kabati, inamwachia mkubwa wake kazi.

Wapo wanaoshauri ivunjwe iuzwe vipuri. Hawajaona jinsi nyumba ilivyojaa tangu iharibike. Jirani mmoja anakuja na bisibisi, wa pili anailaumu Kampala ilikonunuliwa, wa tatu anasema angekuwa yeye angeagiza Dubai, na wote wanakaa hadi jioni wakinywa ya sufuria. Ingekuwa nzima, kila mmoja angepewa kikombe kimoja kidogo akaaga.

Fundi ameahidi kurudi Jumamosi na thermostati mpya. Mwenye nyumba amemwambia asijisumbue na vipuri, aje tu anywe kahawa. Fundi akauliza kama pesa ya transporti itabaki palepale.